Vitonge vya nguvu vya watoto bila sukari: shajara ya mradi

Ninatafuta kitafunwa ambacho mtoto atakibeba shuleni, kitamshikilia tumbo hadi chakula cha mchana, na atakila bila kubembelezwa. Kisiwe na sukari ya kuongeza. Kitokane na vitu vinavyouzwa Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro, si vya kuagiza kutoka mbali. Walaji ni wanangu wawili, mmoja darasa la tatu na mwingine wa chekechea, mtoto wa mdogo wangu mwenye miaka miwili, na binti wa jirani ambaye hushinda hapa kwangu mchana. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama, ili anayetaka kufuata aanzie pale nilipofika na asirudie yaliyoshindikana.

11 Januari 2025: Zitashikwa na nini?

Nimeanzia kwenye kashata kwa sababu watoto wa kwetu wanaijua na mikono yangu imeizoea. Kashata ya karanga aliyonifundisha mama yangu huchukua kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe viwili vya karanga. Nilipompigia simu kumwamkia, nikamweleza kwamba nataka kuiondoa sukari yote, aliniuliza: "Sasa mwanangu, hizo karanga zitashikwa na nini?"

Mradi mzima umo ndani ya swali hilo. Sukari ya kashata inatia utamu, lakini kazi yake kubwa ni kushikilia. Inayeyuka sufuriani, inaizunguka kila punje, na ikipoa inakauka na kuzifunga karanga pamoja. Ukiitoa, unabaki na karanga zilizotawanyika kwenye sinia. Kwa hiyo natafuta kitu kinachonata, chenye utamu wake wa asili, kisichooza upesi wala kuyeyuka ndani ya begi la shule saa sita mchana kwenye joto letu la Januari. Nina washindani watatu wa kujaribu: asali, ndizi mbivu na tende.

Manunuzi ya kwanza: karanga kilo moja 4,000, ufuta nusu kilo 3,000, ulezi kilo moja 3,000, asali nusu lita 7,000, tende nusu kilo 4,000, chana ya ndizi 1,000, na robo kilo ya unga wa ubuyu 1,250. Jumla shilingi 23,250. Unga wa ubuyu ni ule mweupe mtupu, unaochekechwa kutoka kwenye mbegu. Ule mwekundu wa kumung'unya una sukari na rangi, na hapa hauingii.

18 Januari: Karanga kabla ya yote

Hatua hii haina mchezo, na nimeipa muda kuliko nilivyopanga. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hao hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani wala hainusiki, na moto wa kikaango hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Safari ile kidole kilielekezwa zaidi kwenye mahindi, lakini karanga nazo ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu kisichozidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya karanga, kiasi ambacho jicho la mama jikoni haliwezi kukipima. Tunachoweza ni kupunguza hatari, na inapungua sana kwa kuchambua.

Kwanza, sinunui karanga zilizokwisha kusagwa. Ndani ya unga au rojo huwezi kujua punje ilikuwaje. Pili, nauliza zilivyobanguliwa. Wapo wanaonyunyizia maji maganda ili yalainike na kazi iende haraka, na unyevu huo ndio kuvu wanaoutaka. Sokoni nilimuuliza muuzaji, "Dada, hizi zimebanguliwa kwa maji?" Akanivunjia ganda moja mbele yangu, likalia. "Hizi kavu, mama. Za maji ziko kwa bei ya chini, lakini sitakuuzia za watoto." Nimemshika huyo, sihami kwake.

Nyumbani nilizimwaga kwenye sinia jeupe karibu na dirisha. Zinatupwa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota na zilizovunjika zenye weusi ndani. Ukionja moja ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa kuona haya. Katika kilo moja nilitoa karibu gramu 100, kwa hiyo bei yake halisi ni kama shilingi 4,400 kwa kilo, na hiyo ndiyo nitakayotumia kwenye hesabu. Zilizotupwa usimpe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Mimi nazifukia.

Mengine ni ya kawaida: kikaango kikavu, moto mdogo, mwiko usitulie, hadi maganda mekundu yaanze kuachia. Zikipoa unazisugua kwa viganja na kuzipepeta kwenye ungo.

25 Januari: Asali imetoka mashindanoni

Vikombe viwili vya karanga zilizopondwa, nusu kikombe cha unga wa ulezi na vijiko vitano vya asali ya Tabora. Vilifinyangika vizuri ajabu, vikang'aa, na asubuhi vilikaa imara kwenye kopo. Saa saba mwanangu aliporudi, vitonge vyote vilikuwa vimelala na kuungana kuwa bamba moja, asali imejitenga chini, na sisimizi wameshafika kwenye zipu ya begi.

Nilijaribu kuichemsha asali kwanza ili ipungue maji na kukaza. Vilikaza, naam, hadi mtoto wa chekechea akashindwa kung'ata. Na ladha ya maua iliyomo ndani ya asali nzuri yote ilikwenda na mvuke.

Lakini hata kama ingeshika, nisingeendelea nayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali pamoja na sukari ya mezani, na linataka jumla ya sukari za aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya mtu kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari. Vijiko vitano ni gramu 85. Ningekuwa nimeitoa sukari kwa mlango wa mbele na kuirudisha kwa mlango wa uani.

Kwa mwenye mtoto mchanga: asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ncha ya kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtu mkubwa huzishinda lakini la mtoto mchanga haliwezi.

1 Februari: Ndizi mbivu

Ndizi ilinivutia kwa sababu ya bei. Ndizi tatu zilizoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi, nikaziponda na kuchanganya na karanga na unga wa ulezi. Zinanata, zina utamu, na watoto walizipenda siku ile ile. Asubuhi ya pili kopo lilipofunguliwa harufu ilikuwa ya pombe changa. Siku ya tatu kulikuwa na manyoya meupe juu.

Robo tatu ya uzito wa ndizi mbivu ni maji, na maji ndiyo mlango wa kuvu na bakteria. Kujua hilo kulinifanya nifikirie kile chakula tiba cha watoto wenye utapiamlo mkali, kile kinachokuja kwenye pakiti na kunyonywa moja kwa moja. Kilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1990 kwa rojo ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, na siri ya kukaa kwake muda mrefu bila friji ni kwamba hakichanganywi na maji hata kidogo. Tangu hapa nimeweka sharti: chochote kinachoingia kwenye kitonge kiwe kikavu au kiwe na mafuta. Maji hayaingii.

Ndizi mbivu ni nzuri kwa kitonge cha kuliwa ndani ya saa mbili tatu. Kwa shule na kwa akiba, haifai.

8 Februari: Tende zinashika, mchanga unaharibu

Tende ni jibu. Nyama yake imejaa utamu, ina nyuzi, inanata, na maji yake ni machache. Lakini kulifikia jibu hilo kulipita njia yenye visiki.

Nilizonunua zilikuwa kavu kiasi, ngumu kupondeka. Nikaziloweka kwenye maji ya moto kama wengi wanavyofanya. Zililainika vizuri, lakini zilikunywa maji, na mchanganyiko ukawa rojo lisilofinyangika. Kuongeza unga wa ulezi kulileta ukavu wa kukaba kooni. Kilichofanya kazi ni mvuke: weka tende kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika kwa dakika tano, kisha zitwange zikiwa bado na moto. Zinalainika bila kulowa. Kinu na mchi vilifanya vizuri kuliko blenda yangu, ambayo ilikwama na kuanza kutoa harufu ya mota.

Kila tende ipasuliwe kwa mkono, hata zile zinazouzwa kama zimetolewa kokwa. Nilikuta vipande vya kokwa ndani ya baadhi yake, na kipande kimoja kinatosha kuvunja jino la mtoto.

Kundi la kwanza la tende lilikuwa na ladha nzuri, umbo zuri, na likaishia kwenye pipa. Wa darasa la tatu aling'ata mara moja akasimama: "Mama, kina mchanga." Ulezi wa sokoni hupurwa chini, mchanga unaingia, na punje zake ni ndogo kiasi kwamba kupepeta peke yake hakuwezi kuutenga. Nilikuwa nimeupepeta tu.

Dawa yake ni mabakuli mawili. Mimina ulezi kwenye bakuli la kwanza, jaza maji, zungusha kwa mkono, kisha kabla haujatulia hamishia haraka maji pamoja na ulezi unaoelea kwenye bakuli la pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Mwaga, rudia, hadi usisikie kitu ukipitisha kidole kwenye kitako cha bakuli. Kisha anika kwenye kitambaa safi hadi ukauke kabisa, kaanga bila mafuta hadi unukie, saga na kuchekecha. Usiruke kukaanga. Unga usiopikwa una ladha ya ubichi na unaweza kubeba vimelea, na vitonge hivi havipikwi tena baada ya kufinyangwa. Nauhangaikia ulezi hivi kwa sababu miongoni mwa nafaka zetu hakuna inayoukaribia kwa madini ya kalsiamu: zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100.

Nilijaribu pia kuweka bisi za mtama ili kuwe na kitu cha kutafuna kwa mlio. Siku ya kwanza zililia vizuri. Siku ya pili zilikuwa zimevuta unyevu wa tende na kuwa kama sponji. Ufuta uliokaangwa umechukua nafasi yake. Una mafuta ndani, haulainiki.

22 Februari: Tende zimepanda

Ramadhani inakaribia na kila nyumba inanunua tende. Wiki chache zilizopita nilinunua kwa 8,000 kwa kilo. Leo ni 12,000, na muuzaji ananiambia ninunue sasa. Kwa kiasi cha vitonge 40, tende gramu 300 peke yake ni shilingi 3,600, na kitonge kimoja kinafika karibu 160. Kwa bei hiyo mzazi wa watoto wanne hatavitengeneza mara mbili.

Nikarudi kwenye ndizi, safari hii nikazikausha kwanza. Morogoro hatuna uhaba wa ndizi. Jioni, wauzaji wanapotaka kufunga, chana iliyoiva sana hupatikana kwa 1,000. Ndizi ikikauka vizuri hubaki kama robo ya uzito wake, inakuwa na rangi ya kahawia, na inanata kiasi cha kung'ang'ania meno. Gundi ileile niliyokuwa naitafuta, bila maji yaliyoniangusha mwanzoni mwa mwezi.

Kata vipande vya unene wa nusu sentimita. Vikiwa vinene zaidi, nje hukauka na ndani kukabaki na unyevu usiouona. Vichovye kwenye maji yenye juisi ya ndimu ili visiwe vyeusi. Panga kwenye chekeche lililoinuliwa ili hewa ipite chini, funika kwa neti safi inayobana pembeni kote, maana nzi hupita penye upenyo mdogo kuliko unavyodhani, na uviingize ndani kila jioni kabla umande haujashuka. Kwa jua kali la sasa vinakamilika siku ya tatu. Kipimo changu: kunja kipande katikati na ukibane. Kisipotoa unyevu na kisivunjike, kiko tayari. Kikivunjika kimepitiliza, hakitanata.

Nusu kwa nusu, tende na ndizi kavu zikatwangwa pamoja, zinashika karanga vizuri kama tende peke yake. Ladha yake mimi naiona bora, kwa sababu tende tupu huwa na utamu mzito unaofunika kila kitu, na ndizi kavu ina uchachu mdogo.

8 Machi: Siku ya kufinyanga

Hadi sasa nilikuwa nafinyanga mimi, mviringo mmoja baada ya mwingine, na watoto wanapewa. Walikula, lakini vingine vilirudi kwenye kopo vikiwa vimeng'atwa kidogo. Leo nimeliweka sinia mezani na kuwaachia kazi.

Masharti ni mawili: mikono ioshwe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na anayelamba vidole anaosha upya. Nilipaka kila kiganja tone la mafuta ya ufuta ili donge lisinate. Mafuta yakizidi, vitonge havishikani, kwa hiyo tone ni tone kweli. Wakatengeneza kobe mwenye gamba la mbegu za maboga, konokono wa kukunja, matairi ya bajaji yenye tundu katikati, na nyoka mmoja mrefu sana ambaye binti wa jirani alikataa katakata akatwe hadi mama yake amwone.

Kwa vipako nilitengeneza dadu la boksi. Kila upande una kipako chake: ufuta, nazi kavu iliyokunwa, unga wa ubuyu, kakao ya Kyela, choya iliyokaushwa na kusagwa, na karanga za kusaga. Mtoto anarusha, dadu linaamua kitonge kitavikwa nini. Choya inatoa rangi nyekundu nzuri na uchachu wa kusisimua. Wa chekechea alikuwa hagusi ubuyu tangu mwezi Januari. Dadu lilipomwangukia ubuyu mara mbili mfululizo alikula vyote viwili, kwa kuwa ni konokono wake.

Hili limenigusa kuliko nilivyotarajia. Mchanganyiko ni uleule, sikubadilisha hata kijiko, lakini hakuna kitonge kilichorudi na alama ya meno. Mtoto anakitambua alichokifinyanga hata kikiwa katikati ya vingine ishirini, na anakitetea.

Kilichokataliwa ni mlonge. Niliweka kijiko kizima cha unga wake kwenye donge ili kupata kijani cha kobe, na uchungu ukatawala. Nimejaribu upya na kipimo cha kubanwa kwa vidole viwili tu, kikichanganywa kwenye nazi ya kipako badala ya ndani ya donge. Rangi inaonekana, uchungu hausikiki.

Mambo mawili ya usalama hapa. Umbo la mviringo linalonata ndilo baya kabisa kwa mtoto mdogo, kwa sababu linaweza kuziba koo. Karanga nzima hazifai kwa aliye chini ya miaka mitano. Kwa huyu wa miaka miwili nasaga karanga hadi ziwe laini kabisa, nabonyeza kitonge kiwe chembamba, nakikatakata vipande vidogo, naye anakula ameketi, nikiwa naye. Hali akikimbia wala akilia.

Na kabla ya kumpa mtoto wa mwenzio, uliza. Nilimuuliza mama wa jirani kama binti yake ana mzio wa karanga, ufuta au korosho, akaniambia amekula vyote bila shida. Mtoto akivimba midomo, akitoka vipele ghafla au akipumua kwa shida baada ya kula, hospitali ni wakati huohuo. Kwa mwenye mzio wa karanga, mbegu za alizeti na za maboga zinafanya kazi ya karanga, ila donge linahitaji tende kidogo zaidi.

29 Machi: Masika yameingia

Mvua imeshuka kutoka Uluguru siku hizi zote na ndizi zilizokuwa kwenye chekeche zimeota kuvu upande wa chini. Chana mbili zimepotea, shilingi 2,000. Jua la kuvizia halitoshi. Likikatika siku ya pili, zinaharibika kabla hazijafika mwisho.

Nikatumia oveni yetu ya mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sinia dogo juu ya mchanga, mfuniko wenye makaa juu. Mara ya kwanza niliwasha kama naoka keki. Vipande vikaungua pembeni na kuchemka katikati. Kukausha kunataka moto mdogo na njia ya mvuke kutokea. Nimeondoa makaa ya juu kabisa, nimebakiza machache chini, na nimeuegesha mfuniko juu ya kijiti ili upenyo ubaki. Vipande vinageuzwa kila nusu saa. Vinachukua karibu mchana mzima, na mkaa wake unaifuta faida yote ya bei ya ndizi.

Hitimisho langu kwa wa Morogoro na kwingine kwenye masika marefu: kausha ndizi nyingi Januari na Februari, na tena kuanzia Juni, uziweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kukaza. Mwezi Aprili tumia akiba, au tumia tende peke yake kwa kuwa baada ya Idi bei hushuka.

26 Aprili: Vipimo vilivyotulia

Ni Sikukuu ya Muungano, watoto wako nyumbani, tumetengeneza kundi kubwa na nimepima kila kitu kwenye mizani.

Karanga zilizochambuliwa na kukaangwa gramu 300, ufuta uliokaangwa 100, tende bila kokwa 150, ndizi kavu 150, unga wa ulezi uliokaangwa 100, unga wa ubuyu vijiko viwili vya chakula, na chumvi ya kubana kwa vidole. Twanga karanga hadi nusu yake iwe rojo na nusu ibaki chenga. Mafuta ya rojo hiyo ni sehemu ya gundi, ukiacha zote chenga donge linapukutika. Pitishia tende na ndizi mvuke, zitwange, ingiza karanga, kisha vikavu kidogo kidogo. Acha donge lipumzike nusu saa kabla ya kufinyanga, kwa sababu unga wa ulezi unakunywa unyevu polepole na donge lililoonekana tepetepe linakaza lenyewe. Mara nyingi kabla ya kugundua hilo niliongeza unga upesi, na vitonge vikawa vikavu siku ya pili.

Vinatoka vitonge 40 vya gramu 20 hivi. Kimoja kina takriban kalori 85 hadi 90, na zaidi ya gramu 2 na nusu za protini. Viwili na maji vinamtosha wa darasa la tatu kwa mapumziko ya saa nne. Sivipi kama badala ya uji wa asubuhi.

Gharama kwa bei za wiki hii: karanga 1,330, ufuta 600, tende kwa 9,000 kwa kilo 1,350, ndizi za akiba 600, ulezi 300, ubuyu 100, mkaa 500. Jumla 4,780, yaani shilingi 120 kwa kitonge, bila kuhesabu vipako vya dadu ambavyo vilibaki kwenye makopo tangu mwezi uliopita.

Kwenye begi la shule vimeshinda joto la mchana bila kulala wala kuungana. Kwenye kopo kavu kabatini vinakaa wiki moja vizuri. Baada ya hapo mafuta ya karanga yanaanza kuchacha na harufu yake inajulikana mara moja. Kwenye friji nimevila baada ya wiki mbili vikiwa salama. Tende na ndizi kavu hung'ang'ania meno, kwa hiyo kila kitonge kinafuatwa na maji ya kusukutua, na mswaki wa usiku haurukwi.

Mama yangu amekuja kwa likizo fupi na amekula viwili vya choya. Alikigeuza cha tatu kidoleni, akakivunja katikati kuona kilivyoshika, akasema, "Sawa. Lakini mniachie kashata yangu kwa siku za harusi." Tumekubaliana hivyo.

10 Mei: Kinachofuata

Zabibu kavu za Dodoma ziko kwenye orodha, nione kama zitapunguza tende zaidi. Nimepata robo kilo kwa bei inayokaribiana na tende za Ramadhani, kwa hiyo zitaingia kwa ladha zaidi kuliko kwa nafuu. Mwishoni mwa mwaka, embe za Novemba zikijaa sokoni na kuuzwa kwa ndoo, nitajaribu kuzikausha kabla vuli haijashika. Embe ina nyuzi nyingi kuliko ndizi, na sina uhakika kama itanata au itakuwa ngozi ya kutafuna tu. Chekeche la pili limeagizwa kwa fundi, la mbao na wavu wa plastiki, shilingi 15,000, na pembeni limewekewa bawaba ili neti ibane yenyewe.